Asubuhi Maji, Mchana Mbuzi

Kazi yetu ni kupitisha bomba chini ya barabara bila kuichimbua barabara. Watu wengi hawaamini mpaka waone kwa macho. Unafunga mashine upande mmoja, unasukuma fimbo za chuma moja nyuma ya nyingine, na kichwa kilicho mbele ya fimbo kinakwenda ardhini kama fuko. Mbali huko kinatokeza kwenye shimo ulilokwisha kulichimba kukisubiri. Hapo unakifungia bomba, unarudi ukilivuta, na muda wote huo magari yanapita juu, abiria wanakula mahindi ya kuchoma, hawajui kitu.

Mimi niliacha shule kidato cha kwanza. Sikufukuzwa. Lori la vitunguu lilisimama mbele ya shule yetu kubadilisha tairi, nikamuuliza dereva anakwenda wapi, akataja mji ambao nilikuwa sijawahi kufika. Basi. Tangu siku hiyo nimekata mkonge, nimepakia ndizi, nimelinda mizinga ya nyuki ya mtu mwingine, nimepaka rangi minara ya simu. Kila kazi nimeiacha nikishaielewa. Hii ya kutoboa nimekaa nayo kuliko zote kwa sababu ardhi haieleweki.

Niliipata Same mjini. Walikuwa wanatoboa karibu na stendi, upepo unapeperusha vumbi na mifuko kama kawaida ya Same, na mimi nikasimama siku mbili kuangalia na kuuliza. Kwa nini tope ni la kijivu? Kichwa kinajuaje pa kukata kona? Kikigonga jiwe je? Siku ya pili jioni fomeni, Mchaga mnene mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, akanikabidhi chombo cha njano chenye mpini.

"Shika hiki, angalau mdomo wako upumzike."

Ndani ya kichwa cha mashine kuna kifaa kidogo kinachotoa ishara. Mtu mmoja anatembea juu ya ardhi na kile chombo cha njano, anasoma kichwa kiko wapi, kina gani, kimeelekea wapi, halafu anamwambia opereta kwa redio. Sisi tunakiita pasi, maana ukikishika unapita nacho polepole juu ya majani kama mtu anayenyoosha shuka. Baada ya miezi michache pasi ikawa yangu. Pamoja nayo nikapewa fomu. Kabla ya kutoboa natembea njia yote, naandika kila kilichopo: mti, kaburi, bomba la maji, ukuta wa choo. Kilichoandikwa tunakikwepa. Kisichoandikwa, mashine haina macho.

Mwaka huo tulipewa kazi ya kupandisha mkongo wa mawasiliano milimani, njia ya kwenda Mhezi. Sehemu kubwa tulichimba mtaro wa kawaida, lakini palikuwa na kona moja kali iliyomwagwa zege, na wenye barabara walisema zege lao lisiguswe. Tukapandisha mashine. Ilitambaa kwa minyororo yake nusu siku, watu wanatoka majumbani kuangalia, akina mama wanauliza kama ni kifaru cha jeshi.

Nilitembea ile njia saa tisa alasiri. Upande wa juu wa barabara, nyuma ya migomba, nikakuta bonde dogo la mviringo, majani mafupi, ardhi laini, mbuzi sita wanakula. Kwa chini kulikuwa na gogo limelala kwenye tundu la mawe. Nilimpiga picha mbuzi mmoja aliyekuwa na ndevu kama mwalimu wangu wa hesabu. Kwenye fomu nikaandika: "Bonde dogo, malisho, hakuna kitu." Mwamba ulikuwa upande wa kulia wa kona, kwa hiyo fomeni akapitisha mstari kushoto, katikati ya malisho yangu.

Kesho yake tulianza mapema, umande bado. Opereta wetu ni Msukuma, mtu mkubwa, mpole, anayezungumza na mashine yake kama na ng'ombe. Mimi nikaanza kutembea na pasi. Mita kumi, sawa. Mita ishirini, sawa. Nikavuka barabara, nikaingia kwenye migomba, nikatoka upande wa pili nikiwa nimeinamisha kichwa nasoma namba, na mguu wangu ukaingia kwenye maji.

Nikainua macho. Mahali palipokuwa na mbuzi jana palikuwa na bwawa. Limejaa mpaka ukingoni, limetulia, lina mawingu ndani yake. Ng'ambo, karibu na lile gogo, alikuwa amesimama mama wa makamo, kanga kiunoni, jembe begani, ananitazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umepotea?"

Kabla sijajibu, redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya opereta. "Tope halirudi. Nasukuma, halirudi. Limekwenda wapi?"

Hapa lazima nieleze. Tunaposukuma kichwa tunapitisha ndani ya fimbo tope jepesi la udongo maalumu. Huo udongo unakuja kwenye mifuko kama saruji; ukiuchanganya na maji unakuwa uji unaoteleza, unapoza kichwa na kushikilia kuta za tundu zisibomoke. Uji huo unatakiwa urudi mpaka shimo la mashine. Ukiacha kurudi, ujue umepata njia nyingine.

Njia nyingine nilikuwa naiona. Katikati ya bwawa maji yalianza kuchemka, kisha yakatoa wingu la kijivu, na wingu likatanda taratibu kama maziwa kwenye chai.

"Kata mashine!" nikapiga kelele. "Kata, kata, kata!"

"Limekwenda wapi?"

"Limekwenda kuoga!"

Yule mama alishusha jembe. Aliangalia maji, akaniangalia mimi, akaangalia pasi yangu.

"Hicho kichuma chako ndicho kinachochemsha?"

Nikamwambia ukweli wote palepale, kwa sababu sikuwa na uongo wa haraka. Kwamba nilipita jana mchana nikakuta mbuzi. Kwamba niliandika hakuna kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Hii ni ndiva, baba. Usiku mfereji unaijaza. Asubuhi mwenye zamu anafungua lile gogo, mchana imekauka. Mbuzi hawafungwi kamba, wanaingia kula. Mtoto wa chekechea hapa anajua."

"Na leo zamu ya nani?"

"Unadhani nimesimama na jembe nangoja basi?"

Alikuwa na shamba la maharage chini ya barabara, la mwisho kabisa kwenye mfereji. Maharage yalikuwa yametoa maua. Zamu yake ilikuwa inarudi kila baada ya siku kumi na mbili, na mvua ilikuwa imekata mapema. Maua ya maharage hayana subira. Siku mbili tatu za ukavu, yanadondoka, na huna tena maharage, una majani. Nilielewa hivyo kwa jinsi alivyokuwa anaongea huku akiangalia chini ya barabara badala ya kuniangalia mimi.

Mgawa maji akaja mbio, mzee mwembamba aliyevaa koti la suti na viatu vya mpira, mkononi ana fimbo yenye alama za kisu. Nyuma yake fomeni, anahema. Mzee hakusalimu. Aliinama, akachota yale maji kwa kiganja, akanusa.

"Mmetia nini?"

"Udongo tu, mzee wangu," fomeni akasema. "Shikamoo. Ni udongo safi, hauna sumu."

"Marahaba. Kunywa."

"Mimi?"

"Si umesema safi?"

Fomeni akavua ile kofia ya sufu, akachota, akanywa. Akafunga macho, akameza. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, na mmoja nyuma akasema, "Jamani, Mchaga amekunywa kitu ambacho si mbege!" Wakacheka. Mbege ni pombe ya ndizi ya Uchagani. Wapare na Wachaga wanataniana tangu zamani, na kicheko kile kilitusaidia. Mtu akishakucheka hakupigi haraka.

Lakini mzee hakufungua gogo. Alisema udongo ule ukienda shambani utatanda juu kama plasta, na mmea hautapumua. Tuliona ana akili; ndivyo hasa unavyofanya. Alisema ndiva itaachwa itulie, halafu itasafishwa. Na zamu ya leo imepita.

"Si nipewe kesho?" mama akauliza.

"Kesho ina mwenyewe, mama. Nikikusogeza wewe, nitamsogeza na huyu, na yule, mwisho tutashikana mashati. Unajua."

"Najua," mama akasema, akakaa juu ya jiwe. Hakulia wala hakutukana. Afadhali angetukana.

Nikamwomba anionyeshe shamba. Tulivuka barabara, akanyoosha mkono: ngazi mbili za mashamba chini yetu, maharage kijani kibichi, maua meupe. Karibu sana. Unaweza kurusha jiwe likafika. Na pembeni yangu, barabarani, lilikuwa limesimama lori letu la maji, tangi limejaa maji masafi ya mto kwa ajili ya kukorogea uji. Nyuma ya lori, zimeviringishwa kama matairi makubwa, zilikuwa roli tano za bomba jeusi la kupitishia mkongo.

Nilimkimbilia fomeni.

"Hapana," akasema kabla sijamaliza.

"Maji tunayo. Bomba tunalo. Mteremko tunao."

"Bomba la mkongo halipitishi maji. Likiingia mchanga, waya unakwama katikati, halafu nani atajieleza? Wewe?"

"Tutalipuliza na kompresa likauke," opereta akasema kutoka kwenye kiti chake. Hakuwa mtu wa kuingilia mazungumzo. "Hewa dakika kumi tu, linakuwa kavu kama mfupa."

"Ninyi siku mkinifukuzisha kazi, nakuja kulala kwenu."

"Mimi sina kwetu," nikamwambia.

Fomeni akamtazama yule mama, ambaye alikuwa amerudi kukaa kwenye jiwe lake. Akavaa kofia. "Vunjeni roli moja. Moja tu!"

Tulilishusha lile bomba mteremkoni, likawa linarukaruka na kujikunja kama kitu hai, watu watatu wanalikalia ili litulie. Opereta akalifunga kwenye tangi kwa viungio vyetu vya kazi na kipande cha tairi. Akafungua koki. Kwanza ilitoka hewa, pu pu pu, halafu mjusi mmoja mwenye hasira, halafu maji.

Mama alikuwa ameshafika shambani. Nimeona mafundi wa kila aina, lakini sijaona mtu anayeongoza maji kama yule. Hakuyakimbilia. Jembe moja hapa, maji yanageuka. Teke la kisigino pale, yanasimama. Mstari ukishiba anaufunga, anafungua mwingine. Mimi nilishika mdomo wa bomba na kwenda anakoniambia.

"Usimwage juu ya maua! Chini, chini. Unamwogesha nani?"

"Samahani mama."

"Polepole. Huna mahali pa kwenda, wewe."

Mimi, ambaye siku zote nina mahali pa kwenda.

Tangi liliisha nusu ya shamba. Dereva akashuka mtoni, akarudi, tukaendelea. Safari ya pili maji yalifika mstari wa mwisho, saa saba mchana, na mama akachomeka jembe ardhini akasimama kuangalia udongo uliogeuka mweusi. Alichosema ni hiki tu: "Miaka yote sijawahi kumwagilia mstari huu wa mwisho ukashiba."

Nikauliza kwa nini. Siwezi kuacha kuuliza. Akasema maji ya ndiva huwa hayamtoshi. Jioni mfereji unaingiza maji mengi, asubuhi fimbo ya mzee inaonyesha yamepungua, na anayepungukiwa ni wa mwisho. Mzee alikuwa anaamini kuna mtu anaiba.

Jioni ile mzee alitupitia kambini. "Kesho msaragambo," akasema. "Kusafisha ndiva. Na ninyi mmo." Msaragambo ni kazi ya wote, nyumba isiyotoa mtu inakumbukwa muda mrefu. Sisi hatukuwa na nyumba pale, tulikuwa na turubai, lakini turubai nalo lilihesabiwa.

Asubuhi pembe ilipigwa, na kijiji kizima kikatokea na makarai, majembe na ndoo. Sheria yao ni kwamba anayechelewa anabeba mawe ya kuimarishia ukingo badala ya kuchota tope. Fomeni wetu alichelewa, alikuwa anaongea na ofisi kwa simu. Walimpangia mawe bila kumwonea haya, na kila alipopita na jiwe begani akina mama walimsindikiza kwa vigelegele.

"Mchaga, beba! Hilo si kreti la bia!"

"Nyamazeni, mimi ni bosi!"

"Bosi, lingine lile pale!"

Mzee alikuwa amefungua gogo kwa upande wa korongo, maji machafu yakatoka. Chini likabaki tope letu la kijivu, zito, linateleza. Tulichota kwa makarai, mstari mrefu wa mikono. Opereta alibeba makarai mawili kwa pamoja, na kabla ya saa nne alikuwa ameshaahidiwa wachumba.

Mimi nilikuwa nachota katikati, pale uji ulipotokea, kwa sababu nilitaka kuona umepitia wapi. Nilikuta ufa. Ulifuata mzizi wa zamani wa mti uliokwisha kuoza, ukazama chini kuelekea mwamba, na ulikuwa umejaa udongo wetu mpaka juu, umekaza kama ulimi kinywani. Nilitaka kuuchimbua. Kisha nikasimama na karai langu, nikawaza: kama uji umepanda kwa njia hii, si maji nayo yalikuwa yanashuka hapohapo?

Nikamwita mzee. Aliinama muda mrefu. Aliingiza fimbo yake, haikuingia. Akagonga. Akamwita yule mama, akawaita na wengine wawili wazee, wakaongea Chasu haraka haraka, sikushika neno. Halafu mzee akajinyoosha, akavua koti la suti, akalikunja vizuri, akaliweka ukingoni.

"Miaka yote hii," akasema kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie, "nimekuwa namvizia jirani yangu kwenye migomba."

Jirani alikuwepo, karai mkononi. "Nilikuwa nakuona," akasema. "Nilidhani unapunga upepo."

Watu walikaa chini kwa kucheka. Fomeni, ambaye alikuwa ametua jiwe lake karibu, alitazama ule ufa, na mara ya kwanza siku ile akaonekana kama fundi tena. Alisema udongo huu watu wengine wanautumia kuzibia mabwawa. Unavimba ukilowa, haupitishi maji. Akatuma mifuko miwili iletwe kutoka kwenye lori. Tuliumwaga ukiwa mkavu juu ya ufa wote na kuuchanganya na udongo mwekundu, tukaukanyaga kwa miguu, wanawake wakaanzisha wimbo wa kukanyagia na sisi tukafuata kwa miguu tu, maneno hatuyajui.

Kesho yake nilikuwa ukingoni kabla ya jua kutoka vizuri. Mzee na mama walikuwa wameshafika. Fimbo ilikuwa ndani ya maji. Mzee aliichomoa, akaweka kidole gumba pale ulipoishia unyevu, juu ya alama ya mwisho aliyoichonga. Alitoa kisu mfukoni akaanza kuchonga alama mpya.

Sisi tulihama mstari. Tuliingia chini zaidi, tukatafuna ukingo wa ule mwamba siku mbili nzima, opereta akiubembeleza, tukatokea ng'ambo salama. Lile bomba lililopitisha maji tulilipuliza na kompresa likatoa mjusi wa pili, halafu likawa kavu, na leo liko chini ya zege lina mkongo ndani yake.

Tulirudi wiki kadhaa baadaye kuvuta waya. Saa sita mchana mama akaja kambini na sufuria kubwa kichwani. Makande. Maharage yake mwenyewe, mapya. Opereta alikula sahani tatu akaomba aonyeshwe shamba, kama mtu anayekwenda kutoa heshima. Mstari wa mwisho ulikuwa umeshavunwa pamoja na mingine. Majani makavu tu yalibaki, na mama akatembea katikati yake akituonyesha ulipoanzia na ulipoishia.

Wakati wa kuondoka akanipa kifuko kilichofungwa fundo. "Mbegu. Ukapande kwenu."

"Mama, nilishakwambia—"

"Nimesikia ulichosema. Panda."

Nilizizungusha zile mbegu mfukoni mwezi mzima. Sasa tuko Same mjini tena, tunatoboa kuelekea upande wa Jipe, tumepanga nyumba ya wageni yenye uwanja nyuma. Wiki ya kwanza nililima kipande kidogo kando ya ukuta, pale upepo haufiki sana, nikapanda zote. Namwagilia asubuhi kwa maji ya tangi, chini, si juu. Nimeuliza mwenye nyumba mbuzi wake wanafunguliwa saa ngapi, na saa hiyo ninakuwepo.

Jana fomeni aliniambia kuna kazi kubwa inaanza Singida, wanataka mtu wa pasi, niondoke Jumatatu. Zamani ningekuwa nimeshafunga begi. Nilimwambia aende mtu mwingine kwanza, mimi nitafuata.

"Una nini huku?" akauliza.

Nikampeleka nyuma ya nyumba. Aliinama na tumbo lake, akavua kofia, akatazama kwa karibu.

"Hayajatoa maua," akasema.

"Bado kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Ndiyo nasubiri kuona."